Usiniambie Asilimia, Nionyeshe Mistari

Mtu anatoka kwenye chumba cha kupimia masikio, ndugu zake wanamzunguka kwenye benchi, naye ana jibu moja tu la kuwapa: "Wamesema la kulia asilimia arobaini, la kushoto sitini." Wote wanatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza ni asilimia ya nini, wala kama ndiyo iliyobaki au ndiyo iliyopotea. Nimewahi kuwasikia watoto wa mama mmoja wakibishana juu ya hilo hadi kituo cha daladala. Mmoja alishikilia kwamba mama bado anasikia kwa asilimia sitini, mwingine kwamba sitini zimeshaondoka. Wote wawili walikosea, kwa sababu namba waliyopewa haikuwa asilimia hata kidogo. Ilikuwa desibeli.

Msimamo wangu ni kwamba neno "asilimia" liondoke kabisa kwenye meza iliyopo kati ya mpimaji na mgonjwa. Mahali pake likae swali ambalo wengi huondoka bila kujibiwa: tatizo langu liko sehemu gani ya sikio? Kiasi cha kutosikia, bila aina yake, ni nusu ya jibu, na bahati mbaya ni ile nusu isiyokuambia ufanye nini kesho asubuhi.

Asilimia zenyewe zina kwao, na kwao ni kwenye ofisi za fidia. Kanuni inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 1979 na madaktari wa masikio wa Marekani. Unachukua wastani wa desibeli katika masafa manne ya sauti, Hezi 500, 1,000, 2,000 na 3,000, unatoa 25, kinachobaki unakizidisha kwa 1.5. Mwenye wastani wa 40 anapata asilimia 22.5. Mwenye 60 anapata 52.5. Mwenye 25 anapata sifuri, hata kama kila siku anaomba watu wamrudie walichosema. Wakili anaihitaji namba hiyo, maana malipo hayawezi kukadiriwa kwa mstari uliopinda. Lakini mume na mke hawalipani fidia, na mwalimu hawezi kufundisha kwa kuangalia 22.5.

Desibeli nayo si ya kuhesabu kama shilingi. Ni ngazi ambayo kila kidato cha desibeli kumi ni kikubwa mara kumi kuliko kilichotangulia: kutoka 20 hadi 30 nguvu ya sauti inaongezeka mara kumi, kutoka 20 hadi 50 mara elfu moja. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa "ulikuwa 40, sasa ni 50" hakupoteza kidogo. Na sifuri ya kwenye karatasi si kimya. Ni wastani wa sauti ndogo kabisa ambayo vijana wenye masikio mazima waliweza kuisikia, na ndiyo maana wapo watu wanaofika chini ya sifuri, hata -10. Jina la desibeli limetokana na Alexander Graham Bell, ambaye mama yake alikuwa na usikivu hafifu na mke wake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na ambaye hata hivyo alitumia miaka mingi kupinga viziwi wafundishwe kwa lugha ya alama. Viziwi wengi hawajamsamehe, na sioni kwa nini wafanye haraka.

Karatasi ya majibu inaitwa audiogramu, na kuisoma hakuhitaji shahada. Kutoka kushoto kwenda kulia kuna masafa ya sauti, yanayopimwa kwa Hezi: 250, 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000. Kushoto ni sauti nzito, mngurumo wa lori na besi ya muziki. Kulia ni sauti nyembamba, filimbi na nyenje wa usiku. Pembeni, kutoka juu kwenda chini, kuna desibeli, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu chati imepinduliwa: kadiri alama inavyoshuka, ndivyo sauti ilivyobidi iongezwe ili uisikie. Duara jekundu ni sikio la kulia. Alama ya X ya buluu ni la kushoto. Kila alama inasema jambo moja tu, kwamba katika masafa haya, hii ndiyo sauti ndogo kuliko zote uliyoweza kuisikia angalau nusu ya mara ulizopigiwa. Mpimaji aliifikia kwa kupunguza desibeli kumi kila ulipobonyeza kitufe na kuongeza tano kila uliponyamaza. Ndiyo maana mle ndani ulihisi kama unabahatisha. Ulikuwa mpakani, na mpaka ndio uliokuwa ukitafutwa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu usikivu ya Machi 2021, linapanga watu kwa wastani wa masafa ya 500, 1,000, 2,000 na 4,000. Chini ya 20 ni usikivu wa kawaida. Kuanzia 20 ni upungufu mdogo, kuanzia 35 wa kati, 50 wa kati unaoelekea mkubwa, 65 mkubwa, 80 mkubwa sana, na kuanzia 95 ni kutosikia kabisa. Ni kwa kipimo hiki ndipo wanapohesabiwa watu milioni 430 duniani wanaohitaji huduma, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu.

Madaraja hayo yanafaa kwa takwimu za dunia. Kwa mtu mmoja mmoja, wastani unaficha. Chukua mtu wa kwanza ambaye alama zake katika masafa hayo manne ni 35, 35, 35, 35. Chukua wa pili ambaye zake ni 15, 20, 35, 70. Wote wana wastani wa 35, wote wanaandikiwa "upungufu wa kati", na maisha yao hayafanani. Wa kwanza anahitaji dunia nzima iongezwe sauti. Wa pili anasikia mlango ukifungwa, anasikia gari likiingia uani, anasikia kwamba unaongea, ila hajui unasema nini. Huyo wa pili ndiye mzee wa nyumba nyingi, na ndiye anayesemwa vibaya.

Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye masafa ya chini na ya kati. Herufi kama s, f, th na sh ni pumzi tu, dhaifu na nyembamba, zimekaa upande wa kulia wa chati, kule ambako umri na kelele huanzia kazi yake. Kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu, mzee anapata mdundo wote wa sentensi na kukosa mashiko yake. Pika, fika na shika kwake ni neno moja. Hilo linavumilika, kwani mada ya mazungumzo itamsaidia kuchagua. Kisichovumilika ni pale herufi moja inapobeba ndiyo na hapana. Mpigie babu simu umwambie "sitakuja Jumamosi". Ile s ikimpita, kinachomfikia ni "itakuja Jumamosi", na ubongo, ambao haupendi pengo, unalijaza kwa n. Simu inaongeza balaa, kwa sababu laini ya kawaida hukata sauti zinazozidi takriban Hezi 3,400, na s kwa sehemu kubwa iko juu ya hapo. Jumamosi babu anakaa barazani tangu saa nne. Jogoo ameshachinjwa. Jioni zinaanza lawama za pande mbili, wewe ukiapa kwamba ulisema huji, yeye akiapa kwamba ulisema unakuja, na wote wawili mnasema kweli.

Halafu kuna ile hukumu inayotolewa kila sikukuu ya familia: "Anasikia anapotaka." Angalieni chati yake kabla ya kumhukumu. Sauti nzito ya mwanawe wa kiume inaangukia upande wa kushoto, ambako masikio yake bado ni mazima. Sauti za wajukuu na za binti yake zinaangukia mbali zaidi kwenda kulia. Chumbani, mkiwa wawili, anakusikia. Ukumbini, sufuria zikigongana na televisheni ikiwa wazi, hakusikii. Hachagui cha kusikia. Mstari wake ndio unaomchagulia.

Na kumpigia makelele hakusaidii. Unapopaza sauti, kinachoongezeka ni irabu, zile zile ambazo alikuwa anazisikia tayari. S na f haziwezi kupazwa sana hata ukivimba mishipa ya shingo. Zaidi ya hapo, sikio lililoumia ndani lina tabia ya ajabu: sauti ndogo halizisikii kabisa, lakini kubwa zinaliumiza upesi kama zinavyomuumiza mtu mwingine yeyote. Nafasi kati ya "sisikii" na "unanipasua kichwa" imekuwa nyembamba. Ndiyo sababu bibi anasema "ongeza sauti", unaongeza, naye anakasirika: "Mbona unanifokea?" Kaa mbele yake ili aone midomo, zima redio, sema taratibu. Inatosha zaidi ya kelele.

Hayo yote ni ya mstari mmoja. Kuna mstari wa pili, na huo ndio ninaoupigania.

Kipimo cha kwanza hupitisha sauti hewani: spika za masikioni, tundu la sikio, kiwambo, vile vifupa vitatu vidogo, kisha koklea, chombo kilichojiviringa kama konokono ndani ya mfupa wa fuvu, na hatimaye mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni. Alama ikishuka, unajua njia ina hitilafu, hujui ni wapi. Kipimo cha pili huwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ni kidude kidogo kinachotikisika, na mtikisiko wake unapita kwenye fuvu moja kwa moja hadi kwenye koklea, ukiruka tundu, kiwambo na vifupa. Alama zake ni ndogo, mfano wa ncha ya mshale, < kwa kulia na > kwa kushoto. Sikio la pili likiwa limezibwa kwa mvumo wa mashine ili lisiibe sauti isiyo yake, hugeuka kuwa mabano ya mraba.

Sasa linganisha. Ikiwa mfupa unasikia vizuri na hewa haisikii, yaani kuna mwachano wa zaidi ya desibeli kumi kati ya mistari miwili, koklea ni nzima na tatizo liko njiani: huo ni uziwi wa njia ya sauti. Ikiwa mistari yote miwili imeshuka pamoja na inakwenda sambamba, tatizo liko ndani, kwenye koklea au mshipa wake: huo ni uziwi wa sikio la ndani. Ikiwa yote imeshuka na bado kuna mwachano, ni mchanganyiko wa yote mawili. Watu wawili wenye desibeli 50 kwenye sikio moja wanaweza kuandikiwa daraja lile lile, mmoja akahitaji kuondolewa nta kwa dakika kumi na mwingine akahitaji kifaa maisha yake yote. Namba ya 50 haiwezi kukuambia wewe ni yupi kati yao.

Ndiyo maana naona ni kosa la kitaaluma kumwambia mtu "mishipa yako imekufa" kabla ya kumpima mfupa. Na ni kosa kubwa zaidi kumuuzia mashine ya sikio kwa mstari mmoja.

Tuanze na la njiani, kwa kuwa ndilo lenye matumaini zaidi na ndilo tunaloliharibu wenyewe. Nta iliyosukumwa ndani kwa kijiti cha pamba. Majimaji nyuma ya kiwambo baada ya mafua. Usaha usiokauka kwa mtoto, ambao baadhi ya familia huuchukulia kama sehemu ya kukua, hadi kiwambo kinatoboka na vifupa vinalika. Kwa watu wazima kuna pia kifupa cha mwisho, kile kinachogusa koklea, kuganda mahali pake. Upasuaji wa kukibadilisha ulianza mwaka 1956 na umewarudishia wengi usikivu. Uziwi wa aina hii pekee hauvuki sana desibeli 60, kwa sababu sauti ikizidi hapo fuvu lenyewe huanza kutikisika na koklea inaipata. Mtu mwenye 90 anayeambiwa ni nta tu, aulize tena.

Nasema tunaliharibu wenyewe kwa sababu ya mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu na kila kitu tunachomwaga sikioni kabla ya mtu kuangalia ndani. Kiwambo kikiwa na tundu, unachomwaga kinaingia mahali ambapo hakikutakiwa kufika. Sikio linalotoa usaha lifutwe, likaushwe, lisiingie maji, lipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mjomba mwenye dawa yake asubiri.

Kwa mtoto, mara nyingi kuna karatasi nyingine ndogo, na wazazi huitupa kwa kuwa hawakuelezwa. Ni mchoro wa kiwambo: mashine inasukuma na kuvuta hewa kwenye tundu la sikio na kuangalia kama kiwambo kinacheza. Mchoro wenye kilima katikati huandikwa A, na ni mzuri. Kilima kilichosogea kushoto, C, kinaonyesha kiwambo kimevutwa ndani, kama baada ya mafua. Mstari wa bapa, B, unaonyesha kiwambo hakichezi, kwa kawaida kwa sababu nyuma yake kumejaa majimaji. Mtoto wa B haumwi, hana homa, hatoi usaha. Anasikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, na darasani anaitwa mzembe. Majimaji hayo mara nyingi huondoka yenyewe, kwa hiyo daktari anayesema "mrudishe baada ya miezi mitatu" hajakupuuza. Yakikataa kuondoka, kuna vibomba vidogo vya kuwekwa kwenye kiwambo. Lakini kwa miezi hiyo mitatu mwalimu aambiwe, na mtoto akae mbele.

Uziwi wa sikio la ndani ni habari nyingine. Koklea moja ina chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, tunazaliwa nazo zikiwa zimekamilika, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Umri huzimaliza kwa utaratibu, kuanzia zile za sauti nyembamba. Kelele huzimaliza kwa pupa, na huacha sahihi yake kwenye karatasi: mstari unakwenda vizuri, unatumbukia karibu na Hezi 4,000, kisha unainuka tena kwenye 8,000. Ukiona shimo hilo, huna haja ya kuuliza mtu anafanya kazi gani, unauliza ameifanya kwa miaka mingapi. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow alichunguza masikio ya mafundi wa matangi ya mvuke, watu waliogonga chuma wakiwa ndani ya chuma, na akakuta uziwi umeenea kati yao kiasi kwamba ulihesabiwa kuwa sehemu ya ufundi. Nenda leo Kamukunji, Nairobi, wanakogonga mabati kutengeneza masanduku na majiko, au simama nusu saa kwenye mashine ya kusaga mahindi mtaani kwako. Anayesaga yuko pale tangu asubuhi, kichwa karibu na injini, bila hata pamba.

Sheria haijalala kabisa. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane, na zinamtaka mwenye kiwanda awe na mpango wa kulinda masikio kuanzia 85. Desibeli tano kati ya namba hizo mbili si kitu kidogo kwa mtu aliyesoma habari ya ngazi hapo juu. Nami ningeitaka 85 iwe ndiyo mwisho, si mwanzo wa kuandika mpango.

Kuna na dawa. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwa miaka mingi walichomwa sindano za jamii ya kanamisini na amikasini, ndugu wa streptomisini ya miaka ya 1940, nao wapo waliopona mapafu wakapoteza masikio. Hasara ilianzia kwenye masafa ya juu kabisa, juu ya yale yanayotumika kwenye maongezi, kwa hiyo audiogramu ya kila mwezi iliweza kuiona kabla mgonjwa hajaihisi, pale ilipopimwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilielekeza matibabu ya vidonge pekee yapewe kipaumbele. Kwinini nayo huleta mlio masikioni, ingawa kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Kwa watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo na manjano kali ni maadui wakubwa. Mtoto mchanga hawezi kubonyeza kitufe, lakini koklea nzima hutoa mwangwi wake mdogo inapopigiwa sauti, jambo alilolithibitisha David Kemp huko London mwaka 1978, na kifaa cha kuusikiliza mwangwi huo kinamaliza kazi mtoto akiwa amelala. Lengo linalokubalika ni kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, kuanza kusaidiwa kabla ya sita. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, na kifaa hicho kwa mtoto aliyezaliwa bila kusikia kina maana kubwa zaidi akikipata mapema kuliko akikipata ameshafika umri wa shule.

Uziwi mmoja wa sikio la ndani hausubiri foleni. Ukiamka sikio moja limezima, au likazima ndani ya siku tatu, bila mafua wala maji, hiyo ni dharura. Dawa za steroidi hupewa mapema, na baada ya wiki mbili nafasi ya kupona huwa imepungua sana. Wengi hupoteza wiki hizo wakingoja nta ilainike au upepo upite. Kuna jaribio la kienyeji unaloweza kulifanya ukiwa kitandani: funga mdomo ugune "mmm". Mguno ukisikika zaidi upande ulioziba, yumkini ni njia iliyozibwa. Ukikimbilia upande mzima, usinywe hata chai, nenda.

Jaribio hilo ni jamaa wa kipimo cha uma wa chuma wenye meno mawili, unaogongwa na kuwekwa utosini au nyuma ya sikio. Ernst Weber alikieleza mwaka 1834, Heinrich Rinne akaongeza cha kwake mwaka 1855. Ninautaja kwa sababu najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa wapimaji ni wachache, foleni ni ndefu, chumba kisichopitisha sauti hakuna, kidude cha mfupa kimeharibika na cha kuagiza hakijafika. Nakubali yote, na simlaumu mpimaji anayehudumia wilaya nzima peke yake. Lakini uma wa chuma hauhitaji umeme, unaingia mfukoni, na ndani ya dakika moja unakaribia kabisa kujibu swali la njiani au ndani. Kituo kisicho na mstari wa pili kinaweza angalau kuandika kwa kalamu: uma umeonyesha hivi. Kuandika "asilimia 40" kunachukua muda ule ule.

Mashine ya sikio, au shimesikio kama walimu wa viziwi wanavyoiita, inastahili maneno machache. Ile halisi hutengenezwa kufuata mistari yako, ikiongeza sana pale ulipotumbukia na kidogo pale ulipo mzima. Vidude vinavyouzwa barabarani vinaongeza kila kitu kwa pamoja. Kwa yule babu mwenye 15, 20, 35, 70, maana yake ni kupazishiwa sufuria na irabu asizozihitaji, ndipo anapokitia kabatini na familia inasema hataki kusaidiwa. Anayekuuzia bila kuomba audiogramu anauza spika.

Tena karatasi hii haina mamlaka juu ya kila kitu. Inapima milio mitupu katika kimya, na hakuna anayeishi humo. Wapo watu wenye mistari mizuri kabisa ambao sokoni au msikitini baada ya swala, watu wakiongea kwa pamoja, hawaambulii kitu. Utafiti wa Kujawa na Liberman wa mwaka 2009 kwa panya ulionyesha kelele inaweza kukata viungo kati ya chembe na mshipa wakati mstari umesharudi kuwa wa kawaida. Kwa hiyo omba pia kipimo cha maneno, na kiwe cha maneno ya lugha unayoongea nyumbani. Mzee akishindwa kurudia maneno ya Kiingereza, kilichopimwa huenda ni shule aliyosoma. Na kwa kiziwi anayeishi kwa lugha ya alama, lugha iliyotajwa hadi kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, desibeli 95 zinaeleza koklea yake na kuishia hapo.

Jambo la mwisho ni nakala. Majibu yakibaki kwenye faili la hospitali, mgonjwa anaanza upya kila anapohama mji. Omba karatasi yenyewe, ipige picha kwa simu, itunze na vyeti vyako, kwa sababu audiogramu ya pili ina thamani ikilinganishwa na ya kwanza. Hili linamhusu zaidi kijana anayeajiriwa leo kwenye mgodi, karakana au kiwanda cha nguo. Apimwe siku ya kuanza kazi, hewa na mfupa, na aondoke na nakala yake. Miaka kumi baadaye shimo la 4,000 likijitokeza, mwajiri anaweza kusema alikuja nalo, na bila karatasi ya siku ile ya kwanza hakuna wa kumbishia.